Tiba ya Mshtuko wa Umeme kwa Sonona Kali: Maelezo kwa Waamini

Miongoni mwa maswali ambayo familia zenye mgonjwa wa akili huwaletea mapadre wao, lipo moja linaloulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi mlangoni pa sakristia baada ya waamini wengine kutawanyika: "Padre, daktari anasema mgonjwa wetu apitishiwe umeme kichwani. Je, ni halali? Si kumtesa huko?" Swali hilo hubeba hofu mbili kwa pamoja. Ipo hofu ya mwili, kwamba mpendwa wao ataunguzwa ubongo. Na ipo hofu ya dhamiri, kwamba wanatia sahihi jambo lisilompendeza Mungu. Makala hii imeandikwa kwa ajili ya familia hizo, na pia kwa ajili ya viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ambao mara nyingi huombwa ushauri kabla hata ya paroko.

Tiba inayozungumziwa hapa ni ile ambayo mgonjwa, akiwa amelazwa usingizi kwa dawa, hupitishiwa umeme kidogo kichwani kwa sekunde chache ili ubongo wake upate mtukutiko mfupi unaofanana na kifafa. Kinachoponya ni mtukutiko huo. Umeme ni njia tu ya kuuamsha. Mitaani wapo wanaoiita "kupigwa shoti", jina ambalo limewaogofya wagonjwa wengi kuliko tiba yenyewe.

Sonona si huzuni ya kawaida

Kabla ya kuitazama tiba, yafaa kuutazama ugonjwa. Watu wengi huchanganya sonona na msongo wa mawazo, au na majonzi ya kufiwa. Majonzi ni jambo la haki. Bwana wetu mwenyewe alilia kaburini kwa Lazaro. Sonona ni ugonjwa. Madaktari huutambua pale ambapo mtu, kwa muda usiopungua wiki mbili, karibu kila siku, amezama katika huzuni au amepoteza furaha katika mambo yote, na pamoja na hayo usingizi umeharibika, hamu ya chakula imebadilika, nguvu zimekwisha, anajiona hana thamani, au mawazo ya kufa yanamjia mara kwa mara. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu wapatao milioni 280 ulimwenguni wanaishi na sonona.

Sehemu kubwa ya wagonjwa hao huhitaji mazungumzo ya kitaalamu, dawa za vidonge na watu wa kuwa karibu nao. Tiba ya umeme haiwahusu. Inawahusu wale ambao sonona yao imefikia kina cha kutisha: mgonjwa aliyeacha kula na kunywa hata uhai wake umo hatarini, mgonjwa anayejaribu kujiua tena na tena, mgonjwa aliyekauka kitandani kama sanamu, hasemi wala hageuki, mgonjwa ambaye dawa mbili, tatu, nne zimejaribiwa kwa kipimo na muda unaostahili bila kufaa. Na yumo mgonjwa ambaye sisi mapadre tunapaswa kumfahamu kuliko wote, yaani yule ambaye ugonjwa umemvisha hatia ya uongo. Huyu husadiki kabisa kwamba ametenda dhambi isiyosameheka, kwamba amesababisha vifo vya watu, kwamba matumbo yake yameoza na yeye ni maiti. Hukimbilia kitubio asubuhi, akarudi jioni na dhambi ileile, na kesho yake tena. Ondoleo halimtulizi, kwa sababu kinachomsumbua hakikuanzia katika dhamiri yake. Padre anayemwambia tu "uwe na imani" hajamsaidia. Amempa sababu mpya ya kujihukumu.

Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19, Nabii Eliya anaketi chini ya mretemu na kumwomba Mungu aitwae roho yake. Sisemi kwamba Eliya alikuwa na sonona. Maandiko hayakuandikwa ili yatumike kupima wagonjwa. Lakini tazama jinsi Mungu alivyomtendea. Hakumkemea. Alimwacha alale, akamtuma malaika amguse na kumpa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Ni baada ya mwili kuhudumiwa ndipo safari ya kwenda Horebu ilipoanza, na sauti ya Mungu ikasikika huko.

Roma, mwaka 1938

Historia ya tiba hii ina mambo ya kushukuru na mambo ya kusikitisha, na mwamini anayetaka kuamua vyema anastahili kuyajua yote mawili.

Mwaka 1934, huko Budapest, daktari Ladislas Meduna alianza kuwasababishia wagonjwa wa akili mtukutiko kwa kutumia kafuri, na baadaye dawa nyingine ya sindano. Alidhani kwamba kifafa na skizofrenia ni magonjwa yasiyokaa pamoja, hivyo kimoja kingefukuza kingine. Dhana hiyo haikuthibitika, ila baadhi ya wagonjwa walipata nafuu ya kweli. Dawa ile lakini ilikuwa na adha kubwa: kabla ya mtukutiko kuanza, mgonjwa alipitia muda wa hofu isiyoelezeka.

Ndipo mjini Roma, Profesa Ugo Cerletti na msaidizi wake Lucio Bini walipotafuta njia nyingine. Cerletti alikwenda kwenye machinjio ya mji, ambako nguruwe walipitishiwa umeme kichwani kabla ya kuchinjwa, akaona kwamba umeme wenyewe haukuwaua wanyama wale. Uliwaangusha kwa mtukutiko tu. Mwezi Aprili 1938 walimtibu mtu wa kwanza, mwanamume aliyeokotwa na polisi katika kituo cha treni cha Roma akizungumza maneno yasiyoeleweka. Mshtuko wa kwanza ulikuwa mdogo mno. Cerletti mwenyewe alisimulia baadaye kwamba, walipokuwa wakijadiliana kurudia, mgonjwa alisema kwa maneno yaliyo wazi kabisa kwamba wasimrudie, kwani watamwua. Walirudia. Mtu yule alipata nafuu, akarudi kwa familia yake baada ya matibabu kama 11, ingawa ugonjwa ulimrudia baadaye.

Ninaomba msomaji asiipite sentensi ile ya mgonjwa kwa haraka. Waliokuwa chumbani walikuwa na nia ya kuponya, na tiba yao kwa hakika iliponya. Hata hivyo, mtu aliyesema "hapana" hakusikilizwa. Katika miaka iliyofuata, tiba hii ilisambaa upesi duniani kuliko hekima ya kuitumia. Ilitolewa bila dawa ya usingizi, kwa wagonjwa walioshikwa mikono na miguu, na mitukutiko mikali ilivunja mifupa ya migongo ya baadhi yao. Katika baadhi ya hospitali kubwa za wagonjwa wa akili, tiba ilitumika kama adhabu kwa wasumbufu. Filamu ya Marekani ya mwaka 1975, iliyotokana na riwaya ya Ken Kesey ya 1962, iliionyesha hali hiyo kwa ulimwengu mzima, na mpaka leo picha iliyomo vichwani mwa wengi ni ile ya filamu. Wengine huichanganya pia na upasuaji wa kukata sehemu ya mbele ya ubongo, ulioanzishwa na Egas Moniz wa Ureno mwaka 1935. Hayo ni mambo mawili tofauti. Upasuaji ule uliharibu ubongo moja kwa moja na umeachwa. Tiba ya umeme haikati kitu chochote.

Jinsi inavyofanyika leo

Mageuzi yalikuja taratibu. Kuanzia mwaka 1940 madaktari walianza kutumia dawa za kulegeza misuli, na katika miaka ya 1950 ikapatikana dawa ya namna hiyo iliyo salama zaidi na inayokwisha mwilini kwa dakika chache. Ikaongezwa nusu kaputi. Kwa hiyo leo mambo huenda hivi.

Mgonjwa huchunguzwa kwanza: moyo, shinikizo la damu, mapafu, meno, na dawa anazotumia. Aliyepata shambulio la moyo au kiharusi hivi karibuni, au aliye na uvimbe unaoongeza shinikizo ndani ya fuvu, hutazamwa kwa tahadhari kubwa na mara nyingine hukataliwa. Usiku wa kuamkia tiba hali chakula, kama afanyavyo mtu anayekwenda kupasuliwa. Asubuhi huwekewa mpira wa sindano mshipani, hupewa hewa ya oksijeni, kisha dawa ya usingizi. Akishalala, hupewa dawa ya kulegeza misuli, na kitu laini huwekwa kati ya meno ili asijing'ate ulimi. Vibati viwili huwekwa kichwani, ama kwenye paji za pande zote mbili, ama upande wa kulia peke yake. Umeme hupita kwa sekunde chache. Mtukutiko wa ubongo huchukua kwa kawaida chini ya dakika moja, na kwa sababu misuli imelegezwa, mwili hautupwitupwi. Pengine vidole vya mguu tu ndivyo vinavyoonekana vikicheza, huku mashine ikichora mwenendo wa ubongo kwenye karatasi. Baada ya dakika 10 au 15 hivi mgonjwa huanza kuamka. Hakumbuki umeme wala mtukutiko, maana alikuwa amelala.

Tiba hurudiwa mara mbili au tatu kwa wiki, na wengi huhitaji kati ya mara 6 na 12. Sayansi bado haina maelezo mamoja ya jinsi mtukutiko unavyoponya. Kinachojulikana ni kwamba huleta mabadiliko katika kemikali za ubongo na katika namna sehemu zake zinavyowasiliana. Jambo hili lisimshtue mtu. Dawa nyingi zilisaidia wagonjwa kwa miaka mingi kabla ya wataalamu kuelewa kwa nini.

Mahali popote panapotolewa tiba hii bila dawa ya usingizi na bila dawa ya kulegeza misuli, familia ina haki na wajibu wa kukataa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa sheria za afya ya akili wa mwaka 2005, lilitaka namna hiyo ikomeshwe, na India imeipiga marufuku kwa sheria yake ya mwaka 2017. Umaskini wa hospitali hauhalalishi kumtukutisha mtu aliye macho.

Faida na gharama yake

Mwaka 2003 jarida la tiba la Lancet lilichapisha uchambuzi wa tafiti zilizowalinganisha wagonjwa wa sonona waliopata tiba ya kweli na wale waliolazwa usingizi tu bila kupitishiwa umeme. Waliopata umeme walipata nafuu zaidi, na nafuu hiyo ilizidi pia ile ya vidonge. Nafuu huwa kubwa hasa kwa wenye sonona iliyoambatana na imani za uongo nilizozitaja, kwa wazee, na kwa waliokauka kitandani. Kwa mama mjamzito aliye mgonjwa sana, tiba hii yaweza kuwa njia inayofaa, mradi madaktari wa uzazi wahusishwe. Na huleta nafuu mapema, jambo lenye uzito kwa mtu ambaye hajala kwa siku nyingi, kwani vidonge huchukua wiki kadhaa kuanza kufanya kazi.

Hatari ya kufa ni ndogo: takriban vifo 2 katika matibabu 100,000, kiwango kinachokaribiana na kile cha nusu kaputi yenyewe katika upasuaji mdogo. Maumivu ya kichwa, ya misuli, kichefuchefu na kuchanganyikiwa kwa saa moja au mbili baada ya kuamka ni mambo ya kawaida na hupita.

Gharama iliyo nzito ni kumbukumbu, na katika hili daktari asiyesema ukweli wote humkosea mgonjwa. Katika wiki za tiba, mtu husahau upesi mambo mapya. Uwezo huo hurudi baada ya wiki chache. Lakini mambo yaliyotokea wiki au miezi kabla ya tiba yanaweza kufutika, na kwa baadhi ya watu mapengo hayo hayajazwi tena: arusi ya mtoto, mazishi ya jirani, safari ya hija. Tiba ya upande mmoja wa kichwa hupunguza tatizo hili, ingawa haliondoi kabisa. Wapo waliopona ambao wanasema wangekubali tena bila kusita. Wapo wanaosema walipoteza kitu ambacho hawakuonywa kuwa watakipoteza. Wote wawili wanasema kweli.

Jambo la pili ambalo familia husahau kuuliza: ugonjwa hurudi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2001 uliwafuatilia waliopona kwa tiba ya umeme. Kati ya wale ambao baadaye hawakupewa dawa halisi, 84 katika kila 100 waliugua tena ndani ya miezi 6. Waliopewa dawa moja ya sonona walikuwa 60. Waliopewa dawa hiyo pamoja na lithiamu walikuwa 39. Kwa hiyo anayerudi nyumbani akitabasamu, kisha ndugu zake wakatupa vidonge kwa shangwe ya muujiza, yumo katika hatari kubwa. Ushuhuda wa uponyaji utolewe kanisani kwa furaha. Vidonge viendelee kumezwa.

Mafundisho ya Kanisa

Hakuna hati ya Kanisa inayoikataza tiba ya mshtuko wa umeme, wala inayoilazimisha. Kinachopatikana ni kanuni, na kanuni hizo ni za thamani.

Mwezi Septemba 1952, katika mji uleule wa Roma, Papa Pio XII alizungumza na wataalamu waliokusanyika kwa mkutano wa kwanza wa kimataifa juu ya patholojia ya mfumo wa neva. Aliwafundisha kwamba daktari hana juu ya mgonjwa mamlaka yoyote isipokuwa yale ambayo mgonjwa mwenyewe amempa, kwa maneno au kwa namna inayoeleweka. Kwamba mgonjwa naye si mmiliki wa mwisho wa mwili wake, bali msimamizi, hivyo hawezi kumpa daktari ruhusa asiyokuwa nayo. Na kwamba maendeleo ya sayansi na faida ya jamii hayatoshi kuhalalisha kumtumia mtu kama chombo. Alieleza pia kanuni ya ujumla wa mwili: kiungo ni kwa ajili ya mwili mzima, na yaruhusiwa kukubali hasara ya sehemu pale mema ya mtu mzima yanapodai hivyo. Kwa kanuni hii, kupoteza kumbukumbu za miezi michache ili kuokoa uhai ni jambo linaloweza kukubalika kimaadili. Lakini ni mgonjwa anayepaswa kulipima, kwa kuwa kumbukumbu ni zake.

Je, mtu analazimika kukubali? Mwaka 1957 Papa huyohuyo alifafanua kwamba tunawajibika kutumia njia za kawaida za kulinda uhai, zisizoleta mzigo uliopita kiasi. Na Tamko la Idara ya Mafundisho ya Imani la tarehe 5 Mei 1980 linatutaka tulinganishe aina ya tiba, ugumu wake, hatari zake na gharama zake na matokeo yanayotarajiwa, tukizingatia hali ya mgonjwa na nguvu zake za mwili na roho. Kwa mizani hiyo naona hivi: kwa mgonjwa ambaye bado ana njia nyingine za kujaribu, kukataa tiba ya umeme si kosa lolote. Kwa mgonjwa anayekufa kwa kutokula, ambaye tiba salama ipo hospitalini na ina matumaini makubwa, ndugu wanaokataa kwa sababu tu ya aibu, au ya hofu iliyotokana na filamu, wanabeba wajibu mzito.

Hapa ndipo panapouma zaidi. Vipi ikiwa mgonjwa mwenyewe anasema "hapana"? Tumeona ya Roma mwaka 1938, na hatuwezi kurudi huko. Kukataa kwa mtu mwenye uwezo wa kuelewa, hata kama ana huzuni kubwa, kuheshimiwe. Lakini yupo mgonjwa anayekataa kwa sababu anaamini hastahili kuishi, au kwamba tayari yeye ni maiti na maiti haitibiwi. Hapo anayenena ni ugonjwa. Sheria za nchi huweka utaratibu wa jinsi wengine wanavyoweza kuamua kwa niaba yake. Utaratibu huo ufuatwe wote, kwa maandishi, na daktari zaidi ya mmoja ahusishwe. Anayeamua ajiulize swali moja: huyu ndugu yetu, alipokuwa na afya yake, angetaka nini? Ajizuie kujiuliza ni lipi litakaloipunguzia familia usumbufu. Na mara akili inaporudi, hata katikati ya mfululizo wa matibabu, aulizwe yeye mwenyewe upya.

Juu ya wale waliojiua kutokana na ugonjwa, Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2282 na 2283, inafundisha kwamba matatizo makubwa ya akili yaweza kupunguza uwajibikaji wa mtu, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wao. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliwanyima mazishi ya Kanisa waliojiua kwa makusudi. Ile ya mwaka 1983 haina tena katazo hilo. Wapo wazee wetu ambao bado wanaishi na sheria ya zamani mioyoni, na wanateseka kwa ajili ya mtoto waliyemzika miaka 40 iliyopita. Waambiwe.

Pepo, maombi na daktari

Katika familia nyingi tiba ya umeme hupendekezwa wakati mgonjwa amekwisha kuzungushwa kwa waganga wa kienyeji na katika mikesha ya maombezi, amefungishwa siku nyingi na kukemewa mapepo usiku kucha. Mwili uliokwisha kudhoofika kwa kutokula huongezewa njaa kwa jina la Bwana. Katekisimu, namba 1673, inatenganisha waziwazi mambo haya mawili: ugonjwa, hasa wa akili, ni jambo jingine kabisa na unahusu sayansi ya tiba, kabla ya kuadhimisha upungaji pepo ni lazima kuhakikisha kwamba si ugonjwa. Na Kanuni ya 1172 inamkataza padre yeyote kuwapunga pepo waliopagawa bila ruhusa maalumu na ya wazi ya Askofu mahalia. Kiongozi wa kikundi cha maombi asiye na ruhusa hiyo hana analoweza kujitetea nalo.

Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatupa mpangilio mzuri: mgonjwa amwombe Bwana, atakase moyo wake, kisha ampe daktari nafasi yake, maana Bwana ndiye aliyemuumba. Wanaoona aibu kwa sababu ndugu yao amelazwa wadi ya akili wawakumbuke watakatifu wawili. Yohane wa Mungu, karne ya 16, alifungiwa pamoja na wenye wazimu katika hospitali ya Granada na kuchapwa viboko, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa tiba; alipotoka alianzisha hospitali yake, na leo ni msimamizi wa wagonjwa na wauguzi. Louis Martin, baba yake Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, alikaa miaka mitatu katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Caen, Ufaransa, kuanzia 1889, na watu wakawanong'onea mabinti zake kwamba wao ndio waliomtia wazimu kwa kuingia utawani. Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu tarehe 18 Oktoba 2015.

Kanisa halikuishia kwenye maneno. Mabruda wa Upendo, shirika lililoanzishwa Ghent, Ubelgiji, mwaka 1807 na Padre Petrus Joseph Triest, wanahudumia wagonjwa wa akili huko Ndera, Rwanda, na Kamenge, Burundi. Kwa Tanzania, Hospitali ya Mirembe, Dodoma, ndiyo hospitali ya taifa ya afya ya akili. Muhimbili nayo ina idara ya magonjwa hayo. Mashine ya tiba hii haipatikani kila hospitali. Kabla ya kusafirisha mgonjwa, familia imwombe daktari wa wilaya au wa mkoa aulize kwa simu: je, mashine ipo na inafanya kazi, je, mtaalamu wa nusu kaputi yupo, na gharama ya mfululizo mzima ni kiasi gani.

Sakramenti wakati wa tiba

Mgonjwa wa sonona kali anaweza kupokea Mpako Mtakatifu wa Wagonjwa. Ni ugonjwa mzito unaohatarisha uhai, na hakuna sababu ya kungoja mpaka akate roho. Asiyeweza kuomba kwa kinywa hupakwa iwapo, alipokuwa na akili zake, aliomba walau kwa namna isiyo ya wazi, ndivyo isemavyo Kanuni ya 1006. Wakati mwafaka ni kabla ya matibabu ya kwanza.

Komunyo Takatifu, kwa siku ya tiba, ipokelewe baada ya mgonjwa kuamka vizuri na kuruhusiwa kula. Mhudumu wa Komunyo asimpe asubuhi kwa siri akidhani kwamba kipande cha Hostia si chakula. Daktari wa usingizi lazima ajue kila kilichoingia tumboni.

Kuhusu kitubio, waliotibiwa huwa na wasiwasi: "Padre, sikumbuki dhambi zangu za mwaka jana. Sikumbuki kama nilitimiza malipizi." Kanuni ya 988 inamtaka mwamini aungame dhambi kubwa anazozikumbuka baada ya kujichunguza kwa bidii. Asichokikumbuka hakimfungi, na ondoleo alilopokea kabla ya tiba halikufutika pamoja na kumbukumbu. Kama malipizi yamesahaulika, muungamishi atampa mengine mepesi. Kwa yule mwenye hatia ya uongo niliyemtaja mwanzoni, ni vyema awe na muungamishi mmoja tu, na muungamishi huyo, kwa ruhusa ya mgonjwa na bila kugusa siri ya kitubio, awasiliane na daktari.

Katika wiki za tiba na kwa mwezi mmoja hivi baadaye, mgonjwa asifunge ndoa, asiweke nadhiri, asiuze shamba, wala asitie sahihi hati ya mirathi. Ndugu wamwandikie katika daftari mambo ya kila siku: nani alikuja kumwona, nani alizaliwa, nani alifariki, homilia ya Dominika ilihusu nini. Daftari hilo wamwachie mwenyewe, alisome kwa wakati wake.